Elimu ya Muuguzi wa Watoto Baada ya Cheti

Mhadhara wa wazi kwa wauguzi, wakunga, wanafunzi wa uuguzi na wazazi



Nianze na nusu sentimita. Kabla ya mwaka 2009, muuguzi aliyezungusha utepe kwenye mkono wa juu wa mtoto mwenye umri kati ya miezi 6 na miaka 5 alikuwa amefundishwa kwamba utapiamlo mkali unaanzia chini ya sentimita 11. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipandisha kiwango hicho kuwa 11.5. Mtoto ambaye utepe ulisoma 11.3 hakuwa ameongezeka wala kupungua, lakini kuanzia hapo alihesabiwa miongoni mwa walio katika hatari ya kufa, akastahili kuandikishwa na kuanzishiwa chakula dawa. Muuguzi ambaye habari hiyo haikumfikia aliendelea kumrudisha nyumbani na ushauri wa uji wa lishe. Hakufanya uzembe wowote. Alifanya sawasawa kama alivyofundishwa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto anayeletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi na mapigo dhaifu ya moyo, hutundikiwa dripu na kumiminiwa maji mengi kwa haraka. Mwaka 2011 yakachapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika hapa hapa kwetu, katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwemo za Kilifi na Muheza. Walishiriki watoto 3,141. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa zaidi: ndani ya saa 48 walifariki takriban watoto 10 na nusu katika kila 100, na kwa wale ambao hawakumiminiwa walifariki 7 na kidogo. Utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu hiyo. Watoto wanaoharisha na kupungukiwa maji hawakuwamo katika utafiti huu, na hao bado wanahitaji maji yao. Hilo nalisema kwa sauti ili asiondoke mtu hapa na nusu ya habari.

Wa tatu ni wa watoto njiti. Desturi ilikuwa kwamba mtoto mdogo sana awekwe kwanza kwenye inkubeta, atulie, ndipo baadaye apelekwe kifuani kwa mama yake kwa huduma ya kangaruu. Utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2021, ulijaribu kuwaweka vifuani mara tu baada ya kuzaliwa watoto wenye uzito kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Vifo ndani ya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 kwa waliowekwa kifuani mapema, na asilimia 15.7 kwa waliosubiri. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake.

Ningeweza kuendelea na sindano ya artesunate, iliyochukua nafasi ya kwinini kwa malaria kali, na kipimo chake kwa watoto wenye uzito chini ya kilo 20 kilichopandishwa mwaka 2015 kuwa miligramu 3 kwa kila kilo. Ila hiyo mitatu inatosha. Mwanafunzi aliyevaa kofia ya uuguzi mwaka 2005 akafaulu kwa alama za juu kabisa, leo hii angekosea yote mitatu ikiwa hakuna aliyemfuata baada ya mahafali. Cheti chake ni halali, lakini kinashuhudia alichokijua mwaka kilipotolewa. Cha zaidi ya hapo hakijui.

Ndiyo maana nchi nyingi zimeamua kwamba leseni ya uuguzi haidumu milele. Kwetu Tanzania kazi hiyo iko mikononi mwa Baraza la Uuguzi na Ukunga, chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010. Kenya wanalo Baraza la Wauguzi. Muuguzi anahuisha leseni yake kwa kulipa ada na kuonyesha kwamba amejiendeleza: pointi, saa, vyeti vya semina. Marekani, juu ya leseni ya jimbo, kuna cheti cha hiari cha uuguzi wa watoto kinachotolewa na bodi yake maalumu, nacho kina masharti yake ya kuhuishwa kwa masomo. California peke yake inadai saa 30 za masomo kila miaka miwili ili leseni ya kawaida iendelee.

Utaratibu wa Uingereza nitaueleza kwa kirefu kidogo, kwa kuwa wenzetu wengi kutoka Kenya sasa wanafanya kazi huko, na kwa kuwa una jambo moja ambalo ningependa tulichukue. Huko uuguzi wa watoto ni tawi linalojitegemea katika daftari la wauguzi tangu siku ya kwanza ya usajili. Tangu Aprili 2016, kila baada ya miaka mitatu muuguzi huthibitisha kwamba amefanya kazi saa 450, amejifunza saa 35, na kati ya hizo 35, saa 20 amejifunza pamoja na watu wengine. Mpaka hapo ni hesabu tu, na hesabu hujazwa. Lakini pia anatakiwa kukusanya maoni matano juu ya kazi yake, yakiwemo hata ya wagonjwa na jamaa zao, na kuandika maelezo matano mafupi ya mambo aliyokutana nayo kazini: nini kilitokea, nimejifunza nini, nimebadili nini. Kisha anakaa na muuguzi mwenzake kuyazungumza. Hilo la kukaa na kuzungumza ndilo ninalolipenda. Mtu anaweza kusinzia semina nzima na bado akapewa cheti. Kumweleza mwenzako, ana kwa ana, umebadili nini katika namna unavyomlisha njiti kwa mpira, hilo halifanyiki kwa kusinzia.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa. Tunauliza sana kama muuguzi ana pointi. Hatuulizi vya kutosha kama mkono wake umebadilika. Na kuna hospitali moja ya Tanzania iliyouliza swali hilo kwa uaminifu mkubwa, ikapata jibu chungu, halafu ikapata jibu zuri.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom iko Mbulu, mkoani Manyara, mbali na vyuo vikuu. Mwaka 2010 wakunga na wauguzi wake walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, yale yaliyotungwa na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani. Wengi mnayafahamu: mdoli, ambu ndogo na barakoa yake, picha ukutani, na ile dakika moja ya kwanza ambayo ndani yake mtoto aliyezaliwa amechoka anatakiwa awe ameanza kupumua mwenyewe au awe ameanza kupumulishwa. Mafunzo ni mazuri. Katika hospitali nane za Tanzania yalipoingizwa kwa usimamizi wa karibu, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2013, na ni sifa kwa wakunga wa nchi hii.

Haydom walifanya kitu cha ziada. Miezi saba baada ya mafunzo waliwapima watu wao kwa namna mbili. Kwanza mbele ya mdoli: kabla ya mafunzo asilimia 18 tu walifaulu zoezi la kumpumulisha mtoto, na baada yake wakafaulu asilimia 74. Mahali pengi hapo ndipo ripoti ingefungwa, cheti kikapigwa muhuri na picha ya pamoja ikapigwa. Wao wakaingia pia chumba cha kujifungulia, wakaangalia watoto halisi. Idadi ya waliosafishwa njia ya hewa au kupumulishwa haikuwa imebadilika. Vifo katika chumba hicho havikuwa vimebadilika. Watu walewale waliofaulu mbele ya mdoli walifanya kama walivyokuwa wakifanya zamani pale mtoto wa kweli alipotoka kimya, usiku, mama analia, na taa ni hafifu.

Ninawaheshimu sana kwa kulichapisha hilo, maana lingeweza kubaki kabatini.

Kisha wakabadili njia. Kuanzia Februari 2011 mazoezi yalihamia wodini kwenyewe. Mdoli uliwekwa pale pale kazini, na mara moja kwa wiki kila mmoja akafanya zoezi la dakika 3 hadi 5, tena mara moja kwa mwezi likafanyika la dakika 40. Hakuna aliyesafiri wala aliyelala hotelini. Kwa mwaka mmoja uliofuata vifo vya watoto ndani ya saa 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa. Waliohitaji kupumulishwa kwa ambu walipungua, kwa sababu watoto wengi zaidi walikuwa wakikaushwa, kusuguliwa mgongo na kusafishwa mapema, wakaanza kupumua wenyewe. Watumishi walikuwa walewale, na mafunzo yalikuwa yaleyale. Kilichobadilika ni mahali pa kujifunzia na mara ngapi. Mbegu hiyo ndiyo iliyokuja kuzaa mpango mkubwa zaidi katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025.

Kwa nini siku moja haikutosha? Kwa sababu mambo yanayoua watoto haraka hayatokei kila siku mbele ya muuguzi mmoja. Kwenye kituo cha afya chenye uzazi mchache, mkunga anaweza kukaa wiki kadhaa bila kukutana na mtoto anayehitaji ambu. Ujuzi wa kupumulisha na kukandamiza kifua huanza kufifia ndani ya miezi mitatu hadi sita. Hili limeonekana nchi tajiri na maskini pia. Kadi ya mafunzo ya uokoaji inayodumu miaka miwili inaahidi kitu ambacho mkono hauwezi kukitimiza. Aliyehifadhi Kurani anajua: asipoirudia humtoka, hata kama alihifadhi kwa mwalimu bora. Ujuzi wa mikono una tabia hiyo hiyo, nasi tunautendea kana kwamba ukishapokewa umepokewa.

Tena uuguzi wa watoto una hatari yake ya peke yake ambayo wenzetu wa wodi za watu wazima hawaijui. Chukueni adrenalini, dawa inayopatikana karibu kila sanduku la dharura. Chupa yake ndogo ina miligramu 1 katika mililita 1. Moyo wa mtu mzima unaposimama, anapewa yote. Mtoto wa kilo 10 anastahili sehemu moja ya kumi: unaichanganya dawa hiyo na mililita 9 za maji ya chumvi zipatikane mililita 10, halafu unatoa 1. Ukisahau kuchanganya, umempa mara kumi ya kipimo chake, na bomba la sindano mkononi linaonekana lilelile, mililita 1. Sasa mfikirieni muuguzi aliyekaa miaka minne wodi ya wanaume, akahamishiwa watoto jana kwa sababu kulikuwa na pengo kwenye ratiba. Anajua kazi. Ana leseni. Ana pointi zote. Na mkono wake umezoea kutoa chupa nzima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema tatizo letu ni uvivu wa wauguzi kusoma. Nimewafundisha wauguzi kwa muda mrefu, na kiu ya kujifunza ninaiona kila mahali, hasa kwa wale wa ngazi ya cheti walioko zahanati. Tatizo liko katika namna tulivyoipanga elimu yenyewe. Semina hufanyika mjini. Anayeitwa ni mkuu wa kituo au matroni, kwa kuwa jina lake ndilo linalojulikana na kwa kuwa kuna posho. Akirudi anakuta rundo la kazi, na kile alichojifunza kinabaki kwenye daftari lake. Anayeshika zamu ya usiku, ambaye mtoto atamfia mikononi saa tisa alfajiri, hakuitwa. Na siwalaumu wanaopokea posho. Mshahara wa muuguzi unafahamika, na mtu ana watoto wa kusomesha. Lakini mpango wa elimu unaompata anayeweza kuondoka kazini, na kumkosa anayebaki na wagonjwa, umegeuzwa juu chini.

Kuna na hili la kuhamishana, ambalo halizungumzwi kwa uwazi. Hospitali inagharimia muuguzi ajifunze huduma ya watoto wachanga wagonjwa: kuhesabu maziwa ya njiti, kuangalia mashine ya kusaidia kupumua, kutambua mtoto anayeanza kupata manjano kali. Miezi sita baadaye anapelekwa kliniki ya macho, kwa kuwa mzunguko wa wodi ni desturi. Ujuzi unaondoka naye. Chuo hufundisha, wodi humwaga, chuo kinafundisha tena. Ningeomba wakurugenzi wa hospitali waliopo hapa walifikirie kwa uzito: aliyepata ujuzi wa watoto abaki kwa watoto muda wa kutosha angalau kuwarithisha wawili watatu.

Wanafunzi mtaniuliza: je, mtandao? Kozi za bure zipo, nyingine nzuri sana, na muuguzi wa Kigoma au wa Lamu anaweza leo kusoma kwenye simu yake mwongozo mpya kabla haujafika kwa gari. Zitumieni. Zinafaa kwa yale mambo ya kujua, kama ile nusu sentimita ya mkono au kipimo kipya cha artesunate. Hazitoshi kwa mambo ya kutenda. Hakuna video inayokuonyesha kwamba barakoa haijaziba vizuri kwenye uso wa mtoto na hewa inatoka pembeni; mwenzako aliyesimama upande wa pili ndiye atakayekuambia, kwa sababu anaona kifua hakipandi.

Wazazi, na ninyi mna nafasi. Mtoto anapoandikiwa dawa wodini, muulizeni muuguzi kwa adabu: mwanangu ana kilo ngapi leo? Karibu kila dawa ya mtoto inahesabiwa kwa kilo, na uzito wa mwezi uliopita si uzito wa leo, hasa kwa mtoto aliyekuwa akiharisha. Muuguzi mzuri hatakasirika. Atampeleka kwenye mizani. Na wodi ambayo mizani yake imeharibika wiki nzima bila mtu kusema, hiyo elimu endelevu haijaifikia, hata kama kuta zimejaa vyeti.

Kwa mabaraza yetu nina maombi mawili. La kwanza, mazoezi mafupi ya wodini, yaliyoandikwa tarehe na jina na kutiwa saini na aliyeyasimamia, yapewe uzito mkubwa kuliko saa za kuketi kwenye ukumbi. Muuguzi wa zahanati ambaye hawezi kusafiri atapata pointi zake kihalali, na pointi hizo zitakuwa na maana. La pili, tuchukue kutoka kwa wenzetu lile la kuandika na kuzungumza: kila muuguzi wa watoto, anapoomba leseni upya, aeleze kwa ukurasa mmoja mambo mawili aliyoyabadili katika kazi yake na kwa nini. Asiyekuwa na la kueleza tutamjua, na tutajua wapi pa kupeleka msaada.

Kwa matroni na wasimamizi wa wodi ombi langu halihitaji kibali cha mtu. Wakati wa makabidhiano ya zamu, baada ya wagonjwa kukabidhiwa na kabla waliomaliza hawajaondoka, wekeni dakika tano. Mdoli mmoja, ambu moja, watu wawili wafanye na waliobaki waangalie. Wiki hii kupumulisha mtoto mchanga, wiki ijayo kuchanganya adrenalini ya mtoto wa kilo 10, ya tatu kupima kasi ya kupumua kwa dakika nzima na kukumbushana kwamba mtoto wa miezi 2 hadi 12 akifika 50 anapumua haraka, na wa mwaka 1 hadi 5 akifika 40. Anayesimamia asiwe daima mkubwa wa wodi. Mpeni na muuguzi wa cheti aliyeajiriwa mwaka jana, maana anayefundisha hulazimika kujua. Wa zamu ya usiku wafanye yao saa mbili usiku wanapopokea, si kuambiwa waje mchana siku yao ya kupumzika. Wekeni daftari moja kwenye meza ya wauguzi, na humo yaandikwe majina ya waliofanya na kilichokosewa, bila kumwaibisha mtu. Mdoli ukikosekana, kunja khanga, funga kwa uzi pawe na kichwa na shingo, na utaratibu wa hatua utajifunzika hivyo hivyo wakati mdoli unasubiriwa kutoka bohari.

Sasa nipo tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na wale waliotoka zamu ya usiku.